Uwezo na Uaminifu: Somo la Uongozi wa Kazi Kutoka Kufa ya Sayyidna Umar (r.a.)

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.t.), Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Maswahaba zake na wote wanaofuata njia yao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Miongoni mwa mambo yanayozigharimu sana taasisi zetu za Kiislamu ni namna tunavyowachagua wanaosimamia kazi. Madrasa inahitaji mwalimu mkuu, msikiti unahitaji mweka hazina, nyumba za wakfu zinahitaji msimamizi. Kamati inakaa, na swali la kwanza ni: nani mcha Mungu katika sisi? Swali hilo ni zuri, lakini peke yake halitoshi. Mwaka ukiisha hesabu hazieleweki, walimu wanadai mishahara, paa la wakfu linavuja, na mzee wa watu ambaye hakuna aliyewahi kuutilia shaka uaminifu wake anabaki akisengenywa kwenye baraza kwa kazi ambayo hakuiomba. Mahali pengine swali linakuwa: nani hodari? Hodari anapatikana, kazi inakwenda mbio, kisha fedha hazionekani. Na wako wasiouliza swali lolote, wanampa mtoto wa ndugu.

Katika makala hii tutaurejea mji mmoja, Kufa ya Iraq, na magavana watatu walioushika katika miaka ya mwisho ya ukhalifa wa Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.). Habari zao zinatufundisha sifa za kiongozi wa kazi kuliko mawaidha mengi, kwa sababu ni habari za watu wema waliopewa kazi, wakalalamikiwa, wakachunguzwa na wakabadilishwa.

MSINGI WA JAMBO HILI

Katika Surat Al-Qasas, aya ya 26, tunasimuliwa habari ya binti wa mzee wa Madyan aliyemshauri baba yake amwajiri Nabii Musa (a.s.). Binti yule hakumsifu Musa kwa nasaba wala kwa sura yake. Alitaja mambo mawili: kwamba aliye bora wa kuajiriwa ni yule mwenye nguvu, tena mwaminifu. Zingatia, ndugu msomaji, kwamba mazungumzo yale hayakuwa ya ufalme wala ya vita. Yalikuwa ya kazi ya kuchunga mifugo.

Mambo hayo mawili yanarudi kwa sura nyingine katika Surat Yusuf, aya ya 55, pale Nabii Yusuf (a.s.) alipotaka awekwe juu ya hazina za nchi ya Misri. Alijieleza kuwa ni mwenye kuhifadhi na mwenye ujuzi. Kuhifadhi ndio uaminifu, na ujuzi ndio nguvu ya mtu wa hazina. Hapo tunafahamu kwamba nguvu inayokusudiwa si ya misuli peke yake. Nguvu ya mchungaji ni kuweza kunywesha mifugo kisimani penye msongamano, nguvu ya kadhi ni elimu na uthabiti, na nguvu ya mweka hazina ni kujua hesabu. Kila kazi ina nguvu yake.

Mtume wetu (s.a.w.) alikwenda juu ya msingi huo. Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba Abu Dharr (r.a.) alimuomba ampe kazi ya uongozi. Mtume (s.a.w.) akampiga bega lake kwa mkono na kumfahamisha kwamba yeye ni dhaifu, na kwamba uongozi ni amana, na Siku ya Kiyama utakuwa hizaya na majuto isipokuwa kwa aliyeuchukua kwa haki yake na akatekeleza wajibu wake. Katika riwaya nyingine akamueleza kuwa anampendea lile analoipendea nafsi yake mwenyewe, kisha akamkataza asiwe amiri hata wa watu wawili wala asisimamie mali ya yatima. Na huyu ni Abu Dharr, mtu ambaye ukweli wa ulimi wake ulisifiwa na Mtume (s.a.w.) mwenyewe! Hakunyimwa kwa sababu imani yake ilikuwa na kasoro. Alinyimwa kwa kupendwa, asije akabeba mzigo usio wake.

Kinyume chake ni habari ya Amr bin Al-As (r.a.). Alisilimu mwaka wa 8 Hijria (629), na baada ya miezi michache tu akapewa uamiri wa jeshi katika msafara wa Dhatus-Salasil. Ulipopelekwa msaada chini ya Abu Ubaida (r.a.), ndani yake walikuwamo Abubakar na Umar (r.a.), na wote wakawa chini ya Amr. Huko Amr akawakataza watu wasiwashe moto, na Umar akaghadhibika. Imepokewa kwamba Abubakar alimtuliza kwa kumkumbusha kuwa Mtume (s.a.w.) hakumweka yule mtu juu yao ila kwa ujuzi wake wa vita. Umar akanyamaza. Maneno yale hayakupotea, kama tutakavyoona.

SAAD NA MALALAMIKO YA WATU WA KUFA

Mji wa Kufa ulianzishwa mwaka wa 17 Hijria (638), baada ya hali ya hewa ya Al-Madain kuwadhuru wapiganaji wa Kiislamu. Aliyeuanzisha na kuwa gavana wake ni Saad bin Abi Waqqas (r.a.), mmoja wa kumi waliobashiriwa Pepo, mtu wa kwanza kutupa mshale katika njia ya Allah, na amiri wa jeshi lililoshinda Qadisiyya.

Pamoja na cheo chote hicho, Umar hakumwacha bila ya kumwangalia. Nyumba ya gavana ilikuwa karibu na soko, na kelele zilimsumbua Saad, akaweka mlango. Watu wakaanza kuiita kasri ya Saad. Khabari zilipofika Madina, Umar alimtuma Muhammad bin Maslama (r.a.), ambaye ndiye aliyekuwa akitumwa kuchunguza mambo ya magavana, akaenda akauchoma moto mlango ule na kurudi. Saad alitaka kumpa fedha za njiani, naye akakataa. Hoja ya Umar ilikuwa kwamba mlango wa kiongozi usiwe kizuizi baina yake na wenye haja. Mlango wenyewe ulikuwa wa mbao tu, lakini Umar aliogopa ile desturi ambayo ingeanza nyuma yake.

Kisha likaja kubwa zaidi. Kundi la watu wa Kufa lilikuja Madina kumshitaki Saad wakati Waislamu wakijitayarisha kwa vita vya Nahawand, mwaka wa 21 Hijria (642). At-Tabari ameeleza kwamba Umar aliona ubaya wa nia yao katika wakati walioteua, lakini akasema kuwa hilo halitamzuia kulichunguza jambo lao. Hili ni funzo kubwa. Wangapi katika wasimamizi wetu wakiletewa lalamiko huanza kwa kutazama nani kalileta, na wakimuona ni mtu wa fitina hulitupa lalamiko pamoja naye?

Katika Sahih Bukhari tunasoma kwamba miongoni mwa waliyomshitakia ni kuwa haswalishi vizuri. Umar akamuita na kumuuliza ana kwa ana. Saad akaeleza kuwa anawaswalisha kama alivyomuona Mtume (s.a.w.), anarefusha rakaa mbili za mwanzo na kufupisha mbili za mwisho. Umar akamwambia kuwa hiyo ndiyo dhana yake juu yake. Hata hivyo hakutosheka na dhana yake njema. Alipeleka watu mpaka Kufa, wakauliza msikiti baada ya msikiti. Kila mahali Saad alisifiwa, mpaka msikiti wa Bani Abs, ambapo mtu mmoja alisimama akamtuhumu kwamba haendi na jeshi, hagawi kwa usawa wala hahukumu kwa uadilifu. Saad aliomba dua kwamba kama mtu yule ni mwongo aliyesimama kwa kujionesha, Mwenyezi Mungu amrefushie umri na ufakiri na amtie katika fitina, na mpokezi wa hadithi anasimulia jinsi dua ile ilivyojibiwa.

Basi uchunguzi ulimsafisha Saad. Pamoja na hayo Umar alimuondoa, kwa kuwa kiongozi na watu wake wakishafika mahali hapo, kazi haiendi. Je, kuondolewa huku kulikuwa ni doa juu ya Saad? Jibu la Umar mwenyewe tutalikuta mwishoni.

WATU WATATU, KAZI TATU

Mahali pa Saad alipewa Ammar bin Yasir (r.a.), mtoto wa Sumayya na Yasir, mmoja wa walioteswa Makka na akathibiti. Umar hakumpa kila kitu. Imam Abu Yusuf, aliyefariki mwaka wa 182 Hijria (798), ameeleza katika Kitabul-Kharaj kwamba Umar alimpeleka Ammar kusimamia swala na vita, Abdullahi bin Masud (r.a.) kusimamia hukumu na Baitul-Mal, na Uthman bin Hunaif (r.a.) kupima ardhi. Posho yao wote watatu ilikuwa kondoo mmoja kwa siku: nusu yake na tumbo kwa Ammar, robo kwa Ibn Masud na robo kwa Ibn Hunaif. Hata kwa kiasi hicho, Umar alionya kwamba ardhi inayotolewa kondoo mmoja kila siku haichelewi kuharibika.

Tazama mgawanyo huo. Anayeamrisha jeshi hashiki hazina, na anayeshika hazina hapimi ardhi ambayo kodi yake itaingia katika hazina hiyo. Kila mmoja yuko katika kazi aliyoiweza, na kila mmoja ni jicho juu ya mwenzake, ingawa wote ni watu wa daraja la juu katika dini. Kama Maswahaba hawakuachwa mtu mmoja ashike funguo zote, vipi leo mwenyekiti wa msikiti awe ndiye mweka hazina, ndiye katibu na ndiye fundi wa ujenzi?

Na Uthman bin Hunaif alipatikanaje? Umar alitaka ushauri juu ya mtu wa kuipima ardhi ya Sawad, yaani mashamba ya Iraq. Waliokuwapo walimtaja kwa uoni wake wa mambo, akili yake na uzoefu wake. Ikapimwa ardhi hiyo na kupatikana jarib 36,000,000, jarib ikiwa ni kipimo cha ardhi cha wakati ule. Kazi kama hiyo haifanywi kwa uaminifu mtupu, wala haikabidhiwi mjuzi asiye mwaminifu, kwani kila kamba ya kipimo ikivutwa kidogo kuna mkulima atakayedhulumiwa.

AMMAR KUONDOLEWA NA JIBU LA MUGHIRA

Haukupita muda mrefu watu wa Kufa wakarudi tena. Safari hii walimlalamikia Ammar kwamba ni dhaifu wa kazi na hajui mambo ya uendeshaji. Hakuna aliyemtuhumu kwa dirham moja. Umar alimuita, akaona kazi ya ugavana haikumfaa, na mwaka wa 22 Hijria akamuondoa. Alipomuuliza kama kuondolewa kumemuudhi, Ammar alimjibu kwa ukweli wake kwamba hakufurahi alipopewa kazi ile, ila kuondolewa kumemuuma. Mtu mkweli hujibu hivyo. Hata mcha Mungu ana nafsi, na anayemuondoa mwenzake ana wajibu wa kumuuliza hali yake.

Baada ya Ammar, At-Tabari anataja kwamba Kufa ilishikwa kwa muda na Abu Musa Al-Ash'ari (r.a.), naye pia watu wakamkataa. Umar akashikwa na hamu kubwa. Akasikika akiwaza mambo mawili: aweke mtu dhaifu aliye Muislamu mwema, au mtu mwenye nguvu aliye chini yake kwa wema? Al-Mughira bin Shu'ba (r.a.), aliyekuwapo Hudaibiya, akamjibu kwa maana hii: wema wa yule dhaifu ni wake mwenyewe, na udhaifu wake unawaangukia watu, ilhali nguvu za yule mwingine ni za watu, na mapungufu yake ni juu ya nafsi yake. Umar akampa Al-Mughira ugavana, akamuusia awe ni mtu ambaye wema watapata amani kwake na waovu watamuogopa. Alibaki Kufa mpaka Umar alipouawa mwishoni mwa mwaka wa 23 Hijria (644).

Hapo ndipo tunapoyaona tena maneno ya Abubakar katika Dhatus-Salasil. Umar aliyekasirika kwa moto usiowashwa sasa ndiye anayepima: kazi hii inahitaji nini hasa?

MAFAQIHI WALIVYOLIFAHAMU

Jibu la Mughira lisichukuliwe bila mpaka. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka wa 728 Hijria (1328), katika kitabu chake As-Siyasa Ash-Shar'iyya amelijengea jambo hili juu ya aya ya 58 ya Surat An-Nisaa, inayoamrisha amana zipelekwe kwa wenyewe. Ameeleza kwamba nguvu na uaminifu ndizo nguzo mbili za kila cheo, na kwamba ni nadra kukutana kwa ukamilifu ndani ya mtu mmoja. Kwa hiyo hutazamwa kazi. Ikiwa haja kubwa ni ya ushujaa, kama katika uamiri wa vita, hutangulizwa mwenye nguvu. Ikiwa haja kubwa ni ya kuhifadhi mali, hutangulizwa mwaminifu. Na kazi isiyoweza kutimizwa na mtu mmoja hukusanyiwa watu zaidi ya mmoja. Ama anayemwacha anayefaa zaidi na kumpa asiyefaa kwa ajili ya udugu, urafiki, kabila au fedha, huyo amemfanyia khiyana Mwenyezi Mungu na Mtume wake na Waislamu.

Kwa maelezo haya tunafahamu kuwa kauli ya Mughira ilikuwa juu ya mji wa askari uliokuwa ukiyumba, wala haimpi mwizi hodari njia ya kuingia katika sanduku la msikiti. Katika mali, Mtume (s.a.w.) hakulegeza kamwe. Ibnul-Lutbiyya alipotumwa kukusanya zaka za Bani Sulaim akarudi na kutenga sehemu aliyosema amezawadiwa, Mtume (s.a.w.) alipanda mimbari na kuhoji kama mtu huyo angekaa nyumbani kwa wazazi wake zawadi zile zingemfuata. Sayyidna Umar aliishika sunna hiyo kwa kuorodhesha mali za magavana wake kabla hawajaondoka, na aliyerudi na ziada isiyo na maelezo aligawana naye ziada hiyo kwa ajili ya Baitul-Mal. Na kila msimu wa Hija aliwaita magavana wakutane na raia zao, mwenye kudhulumiwa aseme mbele ya watu.

MAFUNZO KWETU

Kutokana na habari hizi tunapata mambo ambayo kila anayechagua au anayechaguliwa anapaswa kuyazingatia.

Kwanza, ipimwe kazi kabla ya kupimwa mtu. Kamati iandike kazi hiyo inahitaji nini, kisha imtafute anayeiweza. Imamu mwenye sauti nzuri ya Qur'ani si lazima awe ndiye anayejua kusimamia walimu kumi na wanafunzi mia tatu.

Pili, udhaifu wa mtu katika kazi fulani si aibu ya dini yake. Abu Dharr na Ammar ni nyota za umma huu. Aliyeambiwa kazi hii haikufai asidhani ametukanwa, na wanaomuondoa wasimfanye mwizi ili wapate sababu. Jambo hili limevunja misikiti mingi, kwani watu hushindwa kusema "hakuweza", wakasema "amekula".

Tatu, kumdhania mtu vyema hakuondoi wajibu wa kukagua. Umar alimdhania Saad vyema na bado akapeleka watu msikiti baada ya msikiti. Kiongozi anayekasirika akiulizwa hesabu amesahau kwamba aliyeulizwa kabla yake alikuwa mmoja wa kumi waliobashiriwa Pepo.

Nne, kiongozi awe na mlango unaofikika, na asikilize lalamiko hata likiletwa na asiyempenda.

Tano, jukumu la anayemteua mtu haliishi kwa kumteua. Kosa la aliyechaguliwa kwa upendeleo lina sehemu yake katika daftari la aliyemchagua.

HITIMISHO

Sasa turejee kwa Saad. Mwaka wa 23 Hijria, Sayyidna Umar akiwa kitandani na majeraha ya kuchomwa, aliwataja watu sita wachague khalifa miongoni mwao. Saad bin Abi Waqqas alikuwa mmoja wao. Kisha, kama ilivyopokewa katika Sahih Bukhari, akausia kwamba uongozi ukimfikia Saad basi ni sawa, na kama hautamfikia, yeyote atakayekuwa kiongozi amtake msaada, kwa sababu yeye hakumuondoa kwa kushindwa kazi wala kwa khiyana.

Kushindwa kazi na khiyana: moja ni kinyume cha nguvu na nyingine ni kinyume cha uaminifu. Mizani ile ile ya binti wa Madyan ndiyo aliyoitumia Umar damu ikimtoka, ili kulisafisha jina la mtu aliyemuondoa kazini miaka miwili kabla. Alijua kwamba kumuondoa bila kusema sababu kungeliacha jina la ndugu yake mikononi mwa wasengenyaji, na hakutaka kukutana na Mola wake akiwa na deni hilo.

Na sisi tujiulize: kuna mwalimu, mweka hazina au msimamizi gani tuliyemuondoa, na hatukusema neno la haki juu yake mpaka leo? Na kuna kazi gani tuliyomwachia asiyeiweza, kwa kuona haya tu?

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (s.w.t.) atujaalie kuzipeleka amana kwa wenyewe, awape nguvu waaminifu wetu, na awape uaminifu wenye nguvu katika sisi. Amin.

Wallahu aalam.